Vyuo vya biashara vijue kuhesabu hasara ya mkimbizi

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, si ajabu vijana wengi kusomea usimamizi wa biashara. Ajabu ni hii: darasani wanafundishwa kwamba mdaiwa aliyepoteza mtaji anaweza kupewa muda, lakini mitihani ikikaribia, asiyemaliza minervali anatolewa nje.

Huyo ni mtoto wa nani? Mara kwa mara ni wa familia iliyokimbia Mbau, Eringeti au Mamove. Shamba la kakao ndilo lililokuwa benki yao. Tangu mauaji yaanze Oktoba 2014 katika eneo la Beni, wengi hawavuni tena. Kakao inaiva, anayeivuna ni mwingine. Na minervali inadaiwa kwa dola!

Wakuu wa vyuo watajibu kwamba walimu nao wanakula. Ni kweli. Basi wapokee kidogo kidogo, kwa maandishi, kama wenye maduka wa hapa wanavyokopeshana bidhaa kwa kuaminiana. Kumfukuza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuingizi hata dola moja kwenye sanduku la chuo. Hesabu hiyo hata wa mwaka wa kwanza anaiweza.