Rambirambi Hatuzitaki, Tunataka Breki

Wakubwa wetu ni mabingwa wa rambirambi. Mei 6, 2017 basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa. Watoto watatu tu waliokoka. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao. Wakubwa walifurika msibani, kamera zikiwaka. Julai 26, 2022 zamu ikawa yetu kusini: gari la Shule ya King David likatumbukia shimoni Mtwara, watoto wakafa tena. Rambirambi zikaja tena.

Sisi tunauliza: kati ya msiba ule na huu, nani alikagua nini?

Tunauliza kwa sababu huku Umakondeni safari za masomo hazikwepeki. Mwalimu wa jiografia wa Mkunya ana Shimo la Mungu pale Newala, ambako uwanda unakatika ghafla, bonde la Ruvuma liko chini na Msumbiji ng'ambo. Akishuka Masasi ana milima ya mawe. Mkoani Lindi kuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaihamishia Berlin; mtoto wa Berlin anaiona kwa nauli ya basi, wa Newala anaisikia redioni. Mambo haya hayafundishwi kwa chaki. Anayesema dawa ni kufuta safari, akatafute kazi nyingine.

Dawa inajulikana, wala haitoki Ulaya. Mwalimu atangulie siku chache kabla, aione njia, ajue wapi ukingo umemomonyoka, wapi gari litageuzia, zahanati ya karibu iko wapi. Pale ukingoni kijana akiteleza hakuna wa kumdaka, kwa hiyo uwekwe mstari ambao hakuna mguu wa kuuvuka. Wahesabiwe wakipanda, wakishuka na wakipanda tena, mwalimu mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwenye pumu au kifafa ajulikane, na dawa zake zibebwe. Maji watoke nayo nyumbani. Kila mwana wa Makonde anajua mchanga wetu unameza mvua na huku juu hakuna mto. Na masika yakinyesha mteremko unakuwa sabuni. Safari iahirishwe, hata kama gari limeshalipiwa.

Sasa nani amlipie nauli huyo mwalimu wa kutangulia? Hapo ndipo ukimya unapoanza. Shule haina fungu, mwalimu mkuu anachangisha wazazi, na kilichopatikana kinatosha Fuso la kubebea korosho. Watoto wanasimama nyuma kama magunia. Tusimlaumu mwalimu peke yake. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, ushuru wa korosho zinazouzwa nje ukaelekezwa wote Hazina, wabunge wa kusini wakipiga kelele bure. Korosho yetu ilipata njia ya kufika Hazina. Mtoto wetu kiti hana.

Na nyinyi vijana wenzetu, madereva na makonda mnaosoma gazeti hili kijiweni, msijifiche nyuma ya serikali. Tenda ya shule ni fedha ya haraka, tunajua, na maisha ni magumu. Lakini breki unazijua wewe, mwalimu wa historia hazijui. Gari la viti 30 likipakia 45, chai ya trafiki haiongezi viti. Mwalimu akikwambia wabanane tu kwa kuwa ni watoto, mwambie alete gari la pili.

Wakurugenzi wa halmashauri zetu, kuanzia Newala hadi Masasi, watujibu mawili: ni fungu gani la bajeti linalolipia ukaguzi wa magari yanayokodiwa na shule, na ni nani anayetia saini kabla gari halijaondoka? Nafasi ya kujibu ipo, ukurasa huu huu, wiki ijayo.