Mchungaji Asiyeulizwa



Juma lililopita mama mmoja wa hapa Mutakura, mke wa askari aliye kazini mbali na nyumbani, alinijia akiwa na jambo zito moyoni. Katika mkutano wa kanisa lake aliuliza, kwa adabu, fedha walizochanga za kuezekea paa zimefikia wapi. Hakujibiwa. Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya waumini, akavuliwa sare ya kwaya, akaambiwa amemnung'unikia mpakwa mafuta wa Bwana. Tangu siku hiyo jirani zake hawamwamkii.

"Mwalimu, je, nimemkosea Mungu?" aliniuliza.

Nilimwambia kuuliza si dhambi. Mumewe akipokea risasi ghalani hutia sahihi; zikipungua huulizwa, na mkubwa wake naye huulizwa na aliye juu yake. Lakini mchungaji huyo, kama nilivyoelezwa, ni mwanzilishi, mweka hazina na hakimu kwa pamoja. Katibu ni mkewe. Sheria yetu ya madhehebu ya mwaka 2014 inataka dhehebu jipya la wenyeji liwe na waumini wasiopungua 300. Waumini huhesabika, kiburi je?

Tena msidhani ni ugomvi wa kwaya tu. Huko Kilifi, Kenya, Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake mwaka 2003. Alikemea shule na hospitali, na wazazi wakawatoa watoto madarasani kwa kuwa yeye amesema. Mwaka 2023 serikali ilifukua makaburi katika msitu wa Shakahola, ikapata maiti zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Wengi wa marehemu walikufa kwa njaa. Mackenzie alipofikishwa mahakamani alikana mashtaka.

Wazee wetu walitusimulia habari nyingine. Katika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka hadi kwetu Burundi, wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama majivuno yao. Nao walikuwa watu wenye madaraka makubwa kuliko mchungaji wetu wa paa!

Nilimshauri mama aandike swali lake katika barua, waumini wengine wawili watie sahihi, nakala abaki nayo.

Jioni mumewe alinipigia simu kwa hasira. Alitaka kuomba ruhusa, aje na sare yake na wenzake wawili "kumhoji" mchungaji. Nilimsihi aje na shati la kiraia, peke yake, na stakabadhi za michango mfukoni.