Nani Alimuacha Nani?

Mwaka jana niliandika barua ambayo hadi leo inanisumbua. Nilikuwa katibu wa timu moja ya basketi hapa Uvira, kazi niliyopewa kwa sababu moja tu: ninasoma lugha. Komite ilikata shauri la kumwondoa mchezaji wetu wa siku nyingi, ikaniambia: “Wewe mwenye Kiswahili kizuri, iandike vizuri.” Nikaandika kwamba timu na mchezaji “wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili”.

Nilimpelekea mwenyewe, jioni, kule Kalundu anakosubiri abiria na pikipiki yake. Aliisoma polepole, akaikunja, kisha akaniuliza: “Mdogo wangu, hapa umeandika tumeachana. Mimi nilimuacha nani?”

Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu ya makala hii. Sisemi kwamba timu haina haki ya kumpunguza mchezaji. Ninasema haina haki ya kumpunguza kwa sababu ya pesa kisha ikatumia sarufi kuificha sababu hiyo. Na wanaoombwa kuificha mara nyingi ni sisi, watu wa kitivo hiki.

Kwanza hesabu yenyewe, maana si siri. Timu yetu hailipi mishahara. Inalipa gari la kwenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola, maji, chakula na mpira mpya unapochakaa ule wa zamani. Vijana wanaosoma hawadai kitu; wakipata safari wanafurahi. Lakini mtu mwenye watoto wanne, anayeishi kwa pikipiki, akisafiri siku mbili nyumba yake inalala bila mapato. Kwa hiyo tulikuwa tunampa kitu kidogo cha kufidia siku hizo. Mfanyabiashara aliyekuwa akituchangia alipoacha kutoa, baada ya maji ya ziwa kuingia ghalani mwake, komite ilitafuta pa kupunguza, na yule mmoja mwenye gharama alionekana haraka. Hakuna aliyesema amechoka au hajui tena kucheza. Nusu ya vijana wale, mimi nikiwamo, tulifundishwa naye jinsi ya kusimama chini ya kikapu.

Sasa tuitazame lugha. Sote tumefanya mazoezi ya mnyambuliko wa vitenzi darasani. Chukua kitenzi “acha”. Ukisema “timu imemuacha”, mtenda yuko wazi na mtendwa yuko wazi. Ukisema “ameachwa”, mtendwa amebaki lakini mtenda anaweza kupotea. Ni neno lilelile tunalomwambia mwanamke aliyepewa talaka, na aibu yake inamfuata yeye, haimfuati aliyeacha. Ukisema “wameachana”, kile kiambishi “-an-” kinadai kwamba kila mmoja amemtenda mwenzake. Hapo ndipo nilipodanganya. Sikusema neno lolote la uongo. Silabi moja ilinitosha.

Magazeti ya michezo ya Tanzania, ambayo wengi wetu tunayafuata kwa ajili ya Simba na Yanga, yana maneno yao. Klabu “yaachana na” mchezaji, au “yamtema”. Kila dirisha la usajili likifika, klabu husambaza picha ya mchezaji yenye maneno “Thank You”, na mashabiki husema amepewa “Thank You” kama vile amepewa zawadi. Upande wetu wa ziwa, Kifaransa cha michezo kinatuletea “libérer”: mchezaji amefunguliwa, kama mtu aliyetoka gerezani. Kati ya maneno yote hayo, mimi ninaona “kutema” ndilo lenye ukweli zaidi. Ni neno kali, lakini angalau linaonyesha mdomo uliotema.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya timu maskini. Hebu tumtazame Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1992. Mwaka 2011 alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mwaka 2016, akiichezea Toronto dhidi ya Cleveland katika fainali ya Kanda ya Mashariki, alidaka mipira 26 iliyokosa kikapu katika mechi moja. Mwaka 2022, baada ya kufiwa na baba yake, alitoa mshahara wake wote wa Phoenix wa msimu ule ili ijengwe hospitali nyumbani Kongo. Novemba 2023 Memphis ilimwita baada ya kituo wao mkuu, Steven Adams, kuumia goti. Alicheza mechi 30, nyingi kati ya hizo akianza. Mwanzoni mwa Januari 2024 akaondolewa, akiwa na umri wa miaka 31.

Neno lililotumika ni “waive”. Kwa Kiingereza maana yake ni kuacha haki au dai. Timu inaacha dai lake juu ya mkataba. Timu nyingine zina saa 48 za kuuchukua. Zisipouchukua, mchezaji yuko huru. Ni neno baridi la kisheria, lakini linasema nani amefanya nini. Na tarehe nazo husema. Katika ligi ile, mikataba isiyokuwa na dhamana hupata dhamana ya msimu mzima Januari 10, kwa hiyo siku za kabla ya hapo kila timu hukaa chini na kuhesabu nafasi zake 15 na dola zake. Kila mtu anajua hesabu inafanyika, na hakuna anayeiita makubaliano.

Liko jambo jingine la kujifunza kule. Mshahara wa chini kabisa wa NBA hupanda kadiri miaka ya mchezaji inavyoongezeka, na hilo lingemfanya mzoefu akimbiwe kwa sababu ya uzoefu wake mwenyewe. Ligi ililiona tatizo na kulitaja. Mzoefu akisaini mkataba wa mwaka mmoja wa kiwango hicho cha chini, ligi yenyewe hulipa sehemu ya ziada, na timu hubaki na mzigo wa mchezaji wa miaka miwili tu. Dawa hiyo isingepatikana kama timu zote zingekuwa zinaandika “tumeachana”. Tatizo la pesa lililoandikwa kama mapenzi yaliyokwisha halina mtu wa kulitafutia pesa.

Najua pingamizi. Walimu wangu wawili wameniambia kwamba lugha ya tafsida ni adabu yetu, kwamba mtu mzima haambiwi “wewe ni ghali” mbele za watu. Ni kweli. Lakini tafsida huwekwa ili kumsitiri anayeumia. Barua yangu ilimsitiri nani? Iliisitiri komite isiulizwe kwa nini haikutafuta mchango mwingine. Yeye ilimwacha akiwaeleza watu mtaani, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakukubaliana na chochote. Baadhi yao walikuwa wameshaamini kwamba ameichoka timu.

Niliiomba komite ibadilishe barua. Ilikataa, nami nikaacha ukatibu. Nikamwandikia nyingine kwa jina langu: kwamba timu imemuacha, kwamba sababu ni pesa za safari, kwamba kiwango chake hakikulalamikiwa, na kwamba amefundisha wachezaji wengi walio uwanjani leo. Haina muhuri, kwa hiyo haina nguvu yoyote. Aliiweka pamoja na karatasi za pikipiki.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa makatibu, watafsiri, watangazaji wa redio, walimu wakuu. Tutaletewa maamuzi ya watu wengine na kuambiwa: “Iandike vizuri.” Ninaomba kabla ya kuandika tuulize maswali mawili tuliyofundishwa mwaka wa kwanza: mtenda ni nani, na ametenda kwa sababu gani? Majibu yakikosekana katika sentensi yetu, barua haijaandikwa vizuri, hata kama haina kosa hata moja la sarufi.