Noah ya Mjomba na Hesabu Niliyochelewa Kuipiga

Pita nyuma ya mabweni saa kumi na moja jioni, utakuta mjadala ni uleule. IST ya nani imekatwa eksozi, Crown ya nani imeshushwa mpaka inakwangua matuta, Subaru ya nani ina turbo inayopiga mluzi. Mimi husimama nikasikiliza, na mara nyingi nachangia. Washkaji hushangaa kwamba mdada wa ualimu, fizikia na hisabati, anajua shokapu ikifa gari linafanya nini. Jamani, nimekulia Kibiti. Mjomba wangu ana Noah, ile ya zamani ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele, na kiti cha katikati pale mbele kinachoma makalio kuanzia Desemba hadi Machi. Hicho ndicho kilikuwa kiti changu.

Ugomvi wangu na mjadala wa mabwenini ni kwamba unaishia kwenye injini. Nani kaongeza nguvu, nani kaongeza kelele. Breki hazitajwi kabisa.

Kwetu gari linarekebishwa kwa sababu nyingine. Wazee wanakumbuka safari ya kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: mnafika Ndundu mnasubiri kivuko, mkishavuka mnakutana na tope la kuelekea Somanga, basi linalala njiani nanyi mnalala nalo. Siku hizi njia kuu ni lami. Lakini masika ninayoikumbuka mimi, ukiiacha lami pale Bungu ukaelekea Nyamisati, kwenye boti za Mafia na za vijiji vya delta, udongo ndio ulioamua nani afike. Noah ya mjomba ilikuwa inakaa na tumbo juu ya tuta la tope, matairi yanazunguka hewani, abiria tunashuka kusukuma na viatu mkononi. Akina mama wa kamba walikuwa wanaangalia barafu inavyoyeyuka kwenye madeli yao.

Kwa hiyo mjomba akainua gari. Fundi aliweka spesa juu ya springi, sentimita 8 hivi, na tairi kubwa kuliko za kiwandani. Nani alimshauri? Mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimerudi likizo, najiona mhandisi. Gari lilipotoka gereji nililipiga picha nikaweka status, na wana wa mabwenini wakaisifia kinoma. Na kweli, tope lile likawa si kitu. Tulipita pale Noah za wenzetu zilipokwama, mjomba akapiga honi mara mbili.

Miezi michache baadaye, akirudi Kibiti kwa lami, magunia yapo kwenye keria, bodaboda ikaingia barabarani bila kuangalia. Mjomba akakata usukani. Hakuwa na mwendo wa kutisha, abiria wote wanasema hivyo. Gari halikuteleza. Liliegemea, likaendelea kuegemea, likalala ubavu mtaroni. Mama mmoja muuza kamba alivunjika mkono. Hakufa mtu, alhamdulillah, lakini mkono ule ndio uliokuwa unabeba deli.

Hesabu niliipiga baada ya hapo, na ni hesabu ya kidato cha nne. Chukua nusu ya upana kati ya matairi ya kushoto na ya kulia, gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Tuseme upana ni mita 1.4 na kitovu kiko mita 0.7. Jibu ni 1. Maana yake ili gari lipinduke kwenye kona, nguvu ya kulisukuma pembeni lazima ifikie uzito wake wote. Tairi nzuri kwenye lami kavu hushika hadi karibu 0.8, kwa hiyo gari litateleza kabla ya kupinduka. Sasa weka spesa, weka tairi kubwa, panga magunia juu ya keria, kitovu kipande hadi mita 0.9. Jibu linashuka chini kidogo ya 0.78. Tairi bado imeshika lami, gari lenyewe linakwenda chini. Namba hizi ni za mfano, sikuipima Noah ya mjomba, ila mwelekeo ni huo.

Halafu kuna spidomita. Tairi ikiongezeka kipenyo kwa asilimia 8, dashibodi ikikuonesha 80 wewe uko 86. Breki ni zilezile za kiwandani, zinapambana na gurudumu kubwa zaidi. Dereva anadanganywa na gari lake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Mimi niliyemwambia ainue sikumwambia.

Wapo wanaosema Noah zilizoinuliwa zipigwe marufuku zote. Anayesema hivyo aje masika, ashuke asukume. Mama mjamzito anayetoka kijijini atabebwa na gari gani? Kuinua nakutetea. Ninachokataa ni kuinua gari ukaliendesha kama lilivyokuwa jana, na mafundi kupokea hela ya spesa bila kumtajia mteja keria, breki wala kona. Na sisi tuliosoma tunapiga makofi kwenye status. Kijana wa IST anayekata eksozi anatusumbua usingizi tu. Dereva wa Noah ana watu wanane nyuma yake, siku nyingine zaidi ya wanane, tuwe wakweli.

Mjomba ameshusha nusu ya spesa, akanunua shokapu mpya na pedi za breki, na keria ameing'oa. Magunia sasa yanakaa ndani, miguuni mwa abiria, na abiria wanalalamika kwelikweli. Nauli anayokosa kwa kubeba mzigo mchache anaijua yeye. Yule mama wa kamba amerudi kupanda, ila hakai dirishani. Likizo iliyopita alinipisha kiti changu cha moto pale mbele, akaniuliza chuoni nasomea nini. Nikamjibu, ualimu wa fizikia. Akasema, "Basi mfundishe mjomba wako."