MIMBARI YA IDD NA MGENI RASMI



Kila Baraza la Idd la Taifa linapokaribia, swali linalotangulia ni moja: mgeni rasmi ni nani? Ni Rais, Makamu wake, au Waziri Mkuu? Ni wachache wanaouliza ni sheikh gani atakayeuwaidhi umma siku hiyo tukufu.

Jambo hili si geni. Marwan bin al-Hakam, alipokuwa liwali wa Madina, aliiendea mimbari siku ya Idd kabla ya swala. Sahaba Abu Said al-Khudri (r.a.) akamvuta nguo, Marwan akajinasua, akapanda, akakhutubu. Udhuru wake, kama ulivyopokewa na Imam Bukhari, ni kwamba watu hawakuwa wakiketi kumsikiliza baada ya swala, basi akaitanguliza khutba. Zingatia udhuru huo! Mtawala aliyataka masikio ya watu waliotoka majumbani mwao kwa ajili ya Allah, naye akaibadili ibada ili ayapate. Abu Said hakuzusha fujo, lakini alimwambia usoni kwamba wameigeuza Sunna.

Hapa kwetu, mwaka 1968 Serikali iliipiga marufuku EAMWS, na BAKWATA ikaasisiwa mwaka huo huo. Tangu hapo wapo Waislamu wengi wanaojiuliza kama chombo chao kinazungumza kwa niaba yao mbele ya Dola, au kwa niaba ya Dola mbele yao. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 19(2), inaziweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ikiwa Dola imezuiliwa mlango huo, kwa nini sisi tuufungue kwa mikono yetu na kutandika zulia?

Tutaambiwa kuwa Baraza ndiyo nafasi ya kufikisha madai yetu. Haya, tuyahesabu mavuno. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara. Risala ngapi zimesomwa tangu hapo, na makofi mangapi yamepigwa? Sheria ya Bunge ya kuiunda mahakama hiyo haijapatikana.

(Majirani zetu Wakristo wa Kenya wamekwisha kuamka: mwaka 2021 Kanisa la Anglikana lilizuia wanasiasa kuhutubu ibadani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi akazikataa fedha alizotoa Rais kanisani.)

Hatusemi kiongozi asije. Akiwa Muislamu, aje mapema, akae safu atakayoikuta, bega kwa bega na mchukuzi wa Kariakoo. Madai yetu yaandikwe, yatiwe saini, yapelekwe ofisini kwake siku ya kazi, na majibu yake yasomwe misikitini yakiwa na tarehe. Kipaza sauti cha Idd kibaki kwa masheikh.