Chumvi ya Jikoni Kwako Ina Madini Joto?

Ndugu msomaji, hasa wewe unayeishi Njombe, Iringa, Mbeya au Rukwa, ambako mvua za miaka mingi zimesomba madini joto kutoka kwenye udongo: naomba leo uikague chumvi unayopikia.

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi inayotengeneza homoni za kuujenga ubongo wa mtoto na kuupa mwili nguvu. Homoni hizo haziundiki bila madini joto, nayo katika damu ni haba mno. Kwa hiyo seli za tezi zina protini maalumu ya kuyavuta ndani: kila ayoni moja ya madini joto huingia ikiandamana na mbili za sodiamu. Ndivyo tezi inavyoweza kulimbikiza madini hayo mara 20 hadi 40 ya yale yaliyomo katika damu.

Homoni za tezi zikipungua, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya TSH. Ikifika shingoni, seli huongeza protini zile za kuvuta, kisha zenyewe hukua na kuongezeka. Lakini amri haiwezi kuleta kisichokuwepo kwenye chakula. TSH huzidi kumiminika, tezi huzidi kuvimba, na hapo rovu hutokeza. Mwenye rovu hakurogwa wala hana laana. Tusimcheke, tumpeleke kituo cha afya.

Muhogo nao una sehemu yake. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waliona kwamba wakazi wa pande mbalimbali walipungukiwa madini joto kwa kiasi kinachokaribiana, ila rovu lilienea zaidi kaskazini. Uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo. Sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuzwa mwilini kuwa thayosayaneti, inayogombania protini ileile na madini joto. Hatuachi muhogo wetu. Tuuloweke na kuuanika ipasavyo, na mboga yake tuiunge kwa chumvi yenye madini joto.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Mahitaji ya maisha yote hayajazi kijiko cha chai, lakini mtoto aliyeyakosa tumboni anaweza kudumaa akili, na dawa ya baadaye haimrudishii alichopoteza.

Basi akina mama na akina baba, nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Ihifadhini kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, na muitie chakula kikikaribia kuiva. Msizidishe chumvi; kiasi kidogo chatosha, na nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Wenye maduka, msianike mifuko ya chumvi juani. Wazalishaji wa chumvi wa pwani, msiruke hatua ya kunyunyizia madini joto, hata mteja asipouliza, sheria inaitaka. Walimu, ombeni kituo cha afya kiwaletee dawa ya kupimia: tone moja juu ya chumvi yenye madini joto huigeuza rangi ya buluu, na kila mwanafunzi akileta kijiko cha chumvi ya kwao, kijiji kizima kitajua kilipo.

Na ukikuta chumvi ya jirani haina, mweleze kwa upole, umwonyeshe pa kununua iliyo nayo.