TAHARIRI: LORI LETU LISILISHWE LUMBESA

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi lori letu likirudi tunajua kabla ya kulisikia. Moshi mweusi unatangulia kuonekana juu ya migomba, halafu ndiyo mngurumo unafuata. Wapo wanaofurahi na kusema, "Sasa lori lina nguvu." Sisi wa ubao huu tunasema hapana, na tunaomba tusikilizwe mpaka mwisho kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Kwanza tuseme ukweli wetu. Fundi wa mjini alikata waya wa sili kwenye pampu ya dizeli, akazungusha skrubu ya mafuta. Lori liliporudi likapanda mlima wa mtoni bila kushuka mpaka gia ya kwanza. Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Hakuna aliyeuliza nguvu hiyo imetoka wapi. Kwa hiyo lawama siyo ya Ndugu Dereva peke yake, wala ya utingo. Ni yetu sote.

Injini ya dizeli haina plagi. Inavuta hewa, inaibana mpaka inapata joto kali, halafu nozeli inapuliza dizeli ndani na dizeli inawaka yenyewe. Dereva akikanyaga mafuta haongezi hewa, anaongeza dizeli tu. Lori letu halina tabo, kwa hiyo hewa ni ile ile silinda inayoweza kuvuta. Na lita 1 ya dizeli, ili iwake yote, inahitaji hewa ya kilo 12 hivi. Ndiyo maana kiwandani waliweka kikomo cha mafuta wakakifunga kwa sili. Ni kipimo, kama debe la mahindi. Ukizidisha, dizeli inayokosa hewa haiwaki sawasawa, inatoka masizi. Moshi mweusi, jamani, siyo nguvu. Ni dizeli tuliyonunua kwa fedha ya ushirika tukaitupa hewani.

Lumbesa tunaijua. Tunalalamika kila msimu mnunuzi anapotaka gunia lijazwe kupita mdomo wake na kufungwa kamba juu. Leo na sisi tumeilisha injini yetu lumbesa.

Tena sisi ni watu wa milimani. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama huku kwetu, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani. Maana yake pampu iliyopimwa kwa hewa ya pwani tayari ina mafuta mengi kwa huku juu. Ilitakiwa kupunguzwa kidogo, sisi tukaongeza!

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Safari ya mjini iliyokuwa inakula madumu matatu ya lita 20, sasa inakula matatu na nusu, kwa mzigo ule ule. Kila safari sita tumepoteza madumu matatu, yaani mafuta ya safari nzima.

Na hasara ya mafuta ni ndogo ukilinganisha na ya injini. Mafuta yakizidi, joto linapanda kupita kiasi: pistoni zinaweza kuyeyuka na silinda hedi kupasuka. Dizeli isiyowaka inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka chini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Injini inasagika kimya kimya. Siku ikigoma, itagoma imebeba mahindi yetu.

Afya nayo tusiisahau. Barabara inapita mbele ya shule. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Watoto wetu wanaupokea mara mbili kila lori linapotoka na kurudi.

Wapo watakaosema: msimu umekaribia, lori likilala gereji mazao yatatoka vipi? Swali ni zuri. Jibu letu ni hili: heri lilale siku chache sasa hivi kuliko kufa katikati ya mavuno. Siku hiyo wachuuzi wenye malori yao watakuja kutupangia bei mlangoni, na hatutakuwa na mdomo.

Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue mambo manne:

1. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe kwanza. Vumbi letu linaliziba, na chujio lililoziba peke yake linatosha kutoa moshi mweusi.

2. Nozeli zipimwe. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza haitengenezwi kwa bisibisi ya pampu.

3. Pampu ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, irudishwe kwenye kipimo cha kitabu cha injini kwa mwinuko wetu, na ifungwe sili mpya. Asiikate mtu bila ruhusa ya kamati.

4. Mzigo upunguzwe ufike kiasi cha lori. Mlima ukidai gia ya kwanza, tupande na gia ya kwanza.

Na kila mmoja wetu awe macho. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, mwambie dereva. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweusi mnene mmeshaujua.

Ndugu zetu, lori hili tulilichangia gunia kwa gunia. Asiwepo wa kusema Jumamosi ana shughuli nyingine. Njooni, hata wale mnaotupinga, tusemezane uso kwa uso.